Tulisema Tunakwenda Kuangalia Mawe

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Songea ananiuliza swali moja: mawe umeyaona? Nimeyaona. Ni makubwa, ni ya kijivu, na siku niliyoyaona yalikuwa yananyeshewa. Lakini nimechoka kusimulia nusunusu kila ninaposimamishwa barabarani, halafu kila mtu anaondoka na kipande chake na kwenda kukitia chumvi. Ninaandika mara moja, msome wote, mniache.

Kwa wasiomjua Longino, huyu ni mwalimu mwenzangu. Tulifundisha shule moja miaka kumi na minane, yeye hesabu, mimi jiografia, kisha tukastaafu, mimi nikabaki hapa, yeye akarudi kwao Mbinga. Miaka yote hiyo alinitazama nikichora ubaoni mawe makubwa ya mwambao wa Ziwa Nyasa, ambayo sikuwahi kuyaona kwa macho yangu, na kila likizo aliniahidi kunipeleka. Dada yake, Skolastika, ameolewa Lundo, na mawe yako nyuma ya nyumba yake. Ndiye aliyemlea Longino baada ya mama yao kufariki. Hana ndugu mwingine wa tumbo moja.

Mwaka juzi Benno, mume wa Skolastika, alifariki. Agnes, mke wa Longino, alikwenda kuzika. Longino mwenyewe hakwenda. Hakwenda wiki iliyofuata, hakwenda arobaini, hakwenda kabisa, na dada akaacha kupokea simu zake. Basi mwezi wa kwanza akanipigia. "Mwezi wa tatu twende tukaone mawe yako," akasema. "Na kwa dada tutafika, nikalimalize lile jambo."

Nilijua, kwa hiyo, tangu mwanzo, kwamba safari ilikuwa na mizigo miwili. Nilichoshindwa kujiuliza ni kwa nini mwezi wa tatu. Watu wenye akili huenda ziwani kuanzia mwezi wa sita, mvua zikiisha na barabara ikikauka. Mwezi wa tatu hata wenyeji wa kule hawaendi popote.

Songea hadi Kitai, na kukaa Kitai

Tulikubaliana anipokee Kitai saa tatu asubuhi, kwa kuwa alisema ana shughuli pale, kisha tuongozane hadi kwake. Saa tatu nilikuwa Kitai. Nikaegesha gari mbele ya banda la mama mmoja anayechoma mahindi, nikampigia Longino. "Niko njiani," akasema.

Saa nne nikapiga tena. Yuko njiani. Nikala hindi la kwanza. Saa tano yuko njiani, nikala la pili, na yule mama akaniuliza kama nimetumwa kulilinda banda lake. Mabasi yalipita, abiria wakanunua mahindi na ndizi madirishani, wakanitazama nilivyokaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Mvua ilinyesha, ikakatika, ikarudi. Saa sita na nusu simu yake ikawa haipatikani. Nikawasha gari, nikaenda Mbinga peke yangu.

Nilimkuta nyumbani kwake, yuko na fulana, anapiga pasi suruali. Alikuwa hajatoka hata kwenye geti.

"Ee, umefika," akasema. "Nilikuwa nakuja."

Agnes ndiye aliyenipokea begi na kuniwekea maji ya kuoga, na akaniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, mvumilie tu. Suruali hiyo anaipiga pasi tangu juzi."

Mpepai, ambako si njiani

Asubuhi nikadhani tunaanza. Kumbe hatuwezi kuteremka ziwani bila kumuaga shangazi yake, na shangazi yuko Mpepai. Mpepai si njiani. Nilimwambia hivyo, nikamwonyesha kwenye ramani ya simu. Akaniambia ramani haina shangazi.

Tukaacha lami. Udongo wa kule ukinywa maji unakuwa sabuni, na kwenye mteremko wa pili gari likageuka ubavu likaingia mtaroni taratibu, bila haraka yoyote. Watu waliokuwa shambani wakaja na majembe, wakachimba, wakatandika majani ya migomba, wakasukuma, nikapata nafasi ya kuyatazama kwa karibu mashamba yao ya mashimo yanayozuia maji yasiondoke na udongo. Nimeyafundisha miaka mingi. Yanazuia udongo vizuri sana, ila hayakuzuia gari langu. Niliwashukuru, na wao wakakataa tuondoke kabla hatujala, kwa sababu mtu aliyetolewa mtaroni hawezi kuachwa aende na njaa.

Kwa hiyo tulifika kwa shangazi tumeshiba, na shangazi alikuwa ametupikia. Ugali wa kimo hiki, na maharage. Mkikataa mmemdharau. Nilikula nikiwa natoka jasho.

"Shikamoo, shangazi," nilikuwa nimemwambia tulipoingia, na yeye, "Marahaba, mwanangu, karibu." Tulipomaliza kula akakunja mikono yake mapajani. "Haya. Mnakwenda wapi na mvua hii?"

Nikamtazama Longino, kwa kuwa swali lilikuwa lake. Longino akaitazama dari. "Tunashuka Lundo kuangalia mawe," akasema. "Mwenzangu huyu ni mtu wa jiografia."

"Mawe," shangazi akasema.

Na hapa, jamani, ndipo nilipokosea mimi. Mtu akishanitaja jiografia siwezi kunyamaza. Nikamweleza shangazi namna mwamba unavyopoa chini ya ardhi, namna mvua inavyoula udongo wa juu hadi jiwe likabaki wazi, namna ngozi yake inavyobanduka vipande kwa jua na baridi. Robo saa nzima. Shangazi alinisikiliza kwa adabu, macho yake yakiwa kwa Longino. Kisha akachukua simu yake na kutoka nayo nje. Mimi nikamsifu moyoni kwa kutuacha tupumzike.

Kuteremka ziwani

Barabara ya Mbinga kwenda Mbamba Bay sasa ni lami, na siku ya jua nadhani mtu huiteremka akiimba. Sisi tuliteremka kesho yake ndani ya ukungu, taa zimewashwa saa nne asubuhi, kona baada ya kona, na Longino akafanya mazoezi.

"Dada, nilikuwa na malaria kali," akasema, akitazama mbele.

"Ulikuwa na malaria?"

"Hapana. Nasikiliza tu inavyokaa." Kona mbili zikapita. "Dada, tulikuwa na mitihani."

"Ulikuwa umestaafu, Longino."

"Kweli." Akapangusa ukungu kwenye kioo. "Dada, barabara ilikuwa imekatika."

Nikamuuliza ukweli wenyewe ni upi. Akaniambia nisimame, anataka kujisaidia. Alijisaidia mara tano kabla hatujafika nusu ya njia, na mara ya tatu nilimwona kwenye kioo amesimama tu, mikono mfukoni, anatazama bonde.

Mbele kidogo ngema ya mlima ilikuwa imeporomoka na tope limefunika upande mmoja wa barabara. Kulikuwa na foleni ya magari mawili na pikipiki sita zikisubiri greda. Longino akashuka, akalikagua lile tope kwa furaha ambayo sijaiona usoni mwake tangu siku ya kustaafu. "Hapa hapapitiki," akasema. "Tumejaribu. Mungu ameona tumejaribu. Turudi."

Hapo ndipo nilipoelewa mwezi wa tatu. Mzee huyu alichagua masika kusudi. Alitaka barabara imkatalie ili aweze kusema alikwenda akashindwa. Nilikasirika hadi masikio yakapata moto, na nilimwambia, mbele ya watu wa pikipiki, kwamba nitakaa pale hata siku tatu, na kwamba akitaka kurudi atarudi kwa miguu. Greda lilifika baada ya saa mbili. Dereva wake alisafisha kwa dakika ishirini.

Mbamba Bay

Tuliingia Mbamba Bay saa tisa, ziwa limefura na rangi yake ni ya chai ya maziwa. Hakuna mgeni hata mmoja mji mzima. Tukaingia mgahawa ulio wazi, na mama aliyekuwa akihudumia, kabla hata hatujakaa, akatuambia, "Ninyi ndio mnaokwenda Lundo kuangalia mawe."

Nilifurahi. Ndiyo, nakiri. Nilidhani sifa zangu zimetangulia. "Ndisi," nikamwambia, "umejuaje?"

"Watu wanasema. Mkwe wangu yuko Lundo." Akatuletea samaki, mbasa mzima wa mchuzi, na ugali wa muhogo unaovutika. Ulikuwa mlo mzuri kuliko yote ya safari, na Longino hakuugusa. Yule mama akarudi, akasimama karibu yangu. "Mwezi huu wa tatu? Mawe tu?"

"Mawe tu," nikasema, kwa sababu nilikuwa na samaki mdomoni na sikutaka kuanza kueleza habari za watu. Akatikisa kichwa, akaondoka.

Kama kuna maneno mawili ningeweza kuyarudisha katika safari hii yote, ni hayo.

Lundo

Tulilala Mbamba Bay, na kutoka hapo lami haipo. Kijito kimoja kilikuwa kimepita juu ya daraja, na vijana waliosimama hapo wakasema maji yatapungua jua likipanda. Longino akauliza mara tatu kama wana hakika. Walikuwa na hakika. Tukakaa kwenye gari hadi saa sita mchana, yeye kapiga suti na ile suruali ya pasi, mimi nala karanga. Maji yakapungua.

Nyumba ya Skolastika iko juu kidogo ya ufuko, ukuta wa matofali ya kuchoma, bati jekundu, na nyuma yake mawe, yanaonekana hata kabla hujazima gari. Mwenyewe alikuwa barazani anamenya muhogo. Ni mwanamke mrefu, mkubwa wa Longino kwa miaka tisa, kajifunga kitenge cheusi. Hakusimama.

Niwakumbushe jambo mnalolijua, maana mimi nililisahau. Mtu aliyekosa mazishi, siku anapofika kwa mfiwa, amekwenda kutoa pole, basi. Hapitii. Hachanganyi na harusi wala biashara wala matembezi. Anakwenda kwa ajili hiyo moja, anakaa chini, analia au ananyamaza, ndipo anaulizwa habari za alikotoka. Ukimpa mfiwa pole kwa kuwa ulikuwa unapita, bora ungebaki kwako.

"Shikamoo, dada," Longino akasema.

"Marahaba." Kisu hakikusimama. "Mmefika. Mawe yapo kule nyuma. Njia ni hiyo, pembeni mwa choo. Angalieni, yanateleza."

Longino akafungua mdomo. Nikaona malaria inapita usoni mwake, na mitihani, na barabara iliyokatika. Hakuna iliyotoka.

"Dada," nikajaribu mimi, "tumekuja pia..."

"Mwalimu, nimesikia mmekuja kufanya nini. Shangazi amenipigia, mama wa mgahawa amempigia mkwe wake, mkwe wake amekuja hapa kunieleza. Mpepai mmesema mawe, Mbamba Bay mmesema mawe. Na mimi sikatazi mtu kuangalia mawe." Akatupa muhogo kwenye beseni. "Nendeni mkayaangalie, mvua isije ikawakuta huko."

Tukaenda. Mngefanya nini?

Mawe

Mtataka niwaambie habari zake, kwa hiyo haya. Yamepangana kutoka kwenye majani hadi ndani ya maji, mengine makubwa kuliko nyumba, mviringo, moja limekaa juu ya jingine kwa mahali padogo kiasi kwamba unajikuta unatembea kwa kunyata. Kuna lililopasuka katikati na mtini umeota kwenye ufa. Yaliyo bapa ndipo wanawake huanika dagaa wa ziwa, wanaowaita usipa, wakati wa kiangazi, na magamba bado yalikuwa yanang'aa kwenye vishimo. Ngozi inabanduka kama nilivyofundisha. Miaka kumi na minane nilichora sawasawa, na nilisimama pale bila furaha hata kidogo, mvua ikaanza, na nilijiona mjinga.

"Simama pale nikupige picha," Longino akasema.

Sijawahi kumpigia kelele mtu mzima. Nilimpigia kelele. Nilimwambia nimeketi kwenye ndoo Kitai, nimevutwa mtaroni Mpepai, nimekaa kwenye tope na kwenye mto, nimemfanya dada yake anione mpumbavu, na yote hayo kwa sababu yeye anaogopa sentensi moja. "Nenda kakae chini," nikamwambia. "Sitaki picha. Nenda kakae chini mbele ya dada yako."

Longino akafunga simu yake ndani ya leso na kuanza kupanda njia ya choo.

Nilimfuata kwa mbali. Alipofika barazani hakupanda ngazi. Alikaa uani, kwenye tope, na suruali ile, miguu ameikunja, mvua inamnyeshea kichwani. Skolastika akaendelea na muhogo wake. Nadhani alimenya mitatu.

"Ulimwambia Agnes uko njiani," akasema mwishowe. "Tukakusubiri. Wazee walitaka kuzika siku ile ile, nikawaambia hapana, ndugu yangu yuko njiani. Siku mbili Benno amelala ndani, Longino. Kwa joto hili la ziwani. Siku mbili nawaambia watu uko njiani."

Mimi nilikuwa nimelalamika tangu Kitai kwa sababu ya kusubiri saa tatu na nusu. Nikatafuta mahali pa kuweka macho.

"Nilikuwa namwaga zege," Longino akasema.

"Unasema?"

"Sakafu ya nyumba. Mafundi walikuwa wamefika, saruji imefunguliwa. Nikasema nimalize leo, kesho niondoke. Kesho yake ikabaki kona moja. Halafu nikaona aibu."

Kisu kikasimama. Skolastika alimtazama ndugu yake kana kwamba anamhesabu. Halafu akauliza, bila hasira, swali ambalo sikulitegemea. "Nyumba imekwisha?"

"Imekwisha."

"Sawa." Akajifuta mikono. "Pole yako sitaipokea hapa. Hapa tulishalia, tukamaliza. Wewe ndiye hujaanza. Kesho nitakwenda nawe. Sasa toka kwenye tope, mle."

Kurudi

Lile jiwe kubwa la Liuli, ambalo wanasema lina sura ya mnyama aliyelala, sikuliona. Liuli iko mbele kidogo tu ya pale, na nilithubutu kuitaja asubuhi. Skolastika alikuwa amekwisha kaa kiti cha mbele, begi mapajani. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma pamoja na gunia la muhogo, kwa sababu aliamuru Longino aendeshe gari langu, na sikuwa na nguvu ya kubishana.

Hakuna aliyejisaidia njiani. Hakuna shangazi. Kijito kilikuwa chini, ngema imetulia, ukungu umepanda, ziwa likawa la bluu nyuma yetu, na nikashindwa hata kulifurahia, maana hakuna aliyesema neno kwa kilomita zaidi ya sitini. Tulifika Mbinga kabla ya chakula cha mchana. Safari hiyo hiyo kwenda ilituchukua siku tatu.

Agnes alikuja mlangoni, akamwona wifi yake, akaweka mkono mdomoni. Skolastika alimsalimu vizuri, akavua kandambili, akaingia sebuleni. Akatembea polepole hadi katikati, akapitisha unyayo wake sakafuni, huku na huku.

"Hili ndilo zege lenyewe?" akauliza.

"Ndilo," Longino akasema.

Agnes alileta mkeka mbiombio. Skolastika akausogeza pembeni. Akajifunga kitenge vizuri, akakaa kwenye sakafu tupu, akanyoosha miguu, na akaanza kumlilia mumewe kwa sauti, akimwita jina, Benno, Benno wangu, kama vile amepigiwa simu saa ile. Agnes akakaa ubavuni mwake, akalia. Longino akabaki amesimama kidogo kwenye nyumba yake, halafu akakaa karibu na ukuta na kuuficha uso. Alilia vibaya, kama mtu asiye na mazoezi.

Mimi nilitoka nje kuzima gari, kwa kuwa lilikuwa bado linanguruma. Majirani walikuwa wameanza kuja, kama inavyokuwa kilio kikisikika, wanawake wakipitiliza moja kwa moja ndani. Mzee mmoja wa jirani, ana jembe begani na matope hadi magotini, akasimama kwangu.

"Nani amefariki?"

"Benno, shemeji yake Longino. Wa Lundo."

"Maskini. Lini?"

Nikamwambia, mwaka juzi.

Akanitazama, akatazama mlango. Kisha akaliegemeza jembe ukutani, akavua kofia, akaingia.